Mafuriko ya Kibera na Kawangware: Habari Zake na Maamuzi Yake

Mji wa Nairobi ulipewa jina lake na maji. Wamasai, waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao hapa kabla ya mji kuwako, walipaita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika mahali hapa mwezi wa Mei mwaka 1899, na wajenzi wake wakapachagua kuwa kituo kikuu kwa kuwa ardhi ilikuwa tambarare, maji yalikuwapo, na mbele yao kulikuwa na kazi ngumu ya kupandisha njia kuelekea Bonde la Ufa. Ardhi tambarare iliwafaa kwa kuweka karakana na mabehewa. Lakini ardhi hiyo hiyo, mvua ikinyesha sana, haikuwa na njia ya kupitisha maji, ikageuka kuwa tope na kinamasi.

Miaka michache haikupita kabla ya kosa hilo kuonekana. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na soko lote likateketezwa kwa moto kwa amri ya serikali. Waganga wa serikali walishauri mji uhamishwe upelekwe kwenye miinuko. Shauri hilo lilifika hata London, kwa Bwana Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa msaidizi wa Waziri wa Makoloni. Yeye mwenyewe alizuru Nairobi mwaka 1907, na katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1908 alikiri kwamba mahali hapa hapakuchaguliwa vema. Ila aliona kwamba muda wa kuhama umekwisha kupita.

Wanachama wapenzi, maneno hayo, kwamba muda umekwisha kupita, yafaa tuyashike akilini tunapoendelea na habari hizi. Tutayakuta tena na tena. Kila kizazi cha watu wa mji huu kilipewa uamuzi mgumu juu ya maji. Na mara nyingi kilijibu kwamba muda umepita, kikakiachia kizazi kilichofuata. Uamuzi usiofanywa na wenye nguvu hauishi. Hushuka mtelemko pamoja na maji yenyewe mpaka ukamfikia mtu anayekaa chini kabisa, naye huufanya usiku, ndani ya giza, akiwa na mtoto mgongoni.

Hiyo ndiyo sababu halmashauri imeona yafaa taarifa ya mwaka huu iwe na historia fupi ya mafuriko katika mitaa yetu miwili. Hatukusudii kumlaumu mtu. Twataka kujua jinsi jambo lilivyokuwa, ili tuweze kuamua lililo letu kabla ya masika.

Jinsi mitaa yetu ilivyopata watu

Kibera ilikuwa msitu. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu au pori. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wasudani wa jeshi la King's African Rifles, pamoja na jamaa zao, waliruhusiwa kukaa pale, na mwaka 1918 ardhi ile ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Wazee hao walijenga nyumba, wakalima mashamba, wakafuga. Lakini hawakupewa hati ya kumiliki ardhi. Waliishi kwa ruhusa tu, na ruhusa ni kitu kinachoweza kuondolewa. Iliwapasa wajukuu na vitukuu vyao kungoja mpaka mwezi wa Juni mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ikapewa hati ya ardhi ya ekari 288, katika eneo ambalo zamani lilikuwa na ekari zaidi ya 4,000.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wengi walikuja Nairobi kutafuta kazi, nao wakakaa Kibera kwa sababu ni karibu na viwanda na nyumba za matajiri, na mtu aliweza kwenda kazini kwa miguu. Vijiji vikaongezeka: Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Mashimoni, Kianda, Soweto na vinginevyo. Waliofika kwanza walijenga kwenye miinuko. Waliofika mwisho walikuta miinuko imejaa, wakajenga pale palipobaki, yaani kando ya mito na juu ya mitaro. Hakuna mtu aliyechagua kukaa majini. Kodi ya nyumba ndiyo iliyomchagulia.

Habari za Kawangware ni nyingine. Nchi ile ya Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, nayo iliingizwa ndani ya mji mipaka ilipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo ardhi yake sehemu kubwa ni ya watu na jamaa wenye hati zao. Mashamba yaligawanywa kati ya wana, kisha kati ya wajukuu, kisha yakakatwa viwanja, na juu ya kila kiwanja vikajengwa vyumba vya kupangisha, kwanza vya mbao na mabati, baadaye vya mawe na vya ghorofa.

Tofauti hii baina ya mitaa miwili si jambo dogo, nasi twaomba msomaji aizingatie. Katika Kibera sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Aliyejenga ana nyumba lakini hana ardhi, na mpangaji hana hata nyumba. Amri ikitoka kwamba watu wahame, hakuna mwenye hati wa kuipinga mahakamani kwa jina la ardhi yake. Katika Kawangware kila shubiri ina mwenyewe. Pale mtaro ukitakiwa kupita, lazima upite katika kiwanja cha fulani, na fulani ana haki ya kukataa. Basi huko Kibera maji hukosa njia kwa kuwa ardhi haina mwenyewe, na huko Kawangware maji hukosa njia kwa kuwa ardhi ina wenyewe wengi mno.

Njia ya maji

Mto Motoine huanzia upande wa Dagoretti, ukapita karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ukateremka kando ya Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi. Ukitoka bwawani huitwa Mto Ngong, nao huenda kupitia viwandani na Mukuru. Mto Nairobi nao huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita baina ya Kangemi na Kawangware kabla ya kuingia katikati ya mji. Vijito vya Kirichwa huteremka kutoka upande wa Kawangware kuelekea Kilimani na Kileleshwa. Maji hayo yote hukutana mashariki ya mji, yakaingia katika Mto Athi, na mwisho yakafika bahari ya Hindi kwa mto uitwao Sabaki, karibu na Malindi. Taka inayotupwa mtaroni Kawangware leo yaweza kuziba daraja la jirani kesho, na kuonekana na mvuvi wa pwani baada ya masika.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953. Lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya mji, na kwa miaka mingi watu wenye nafasi walikuwa wakienda huko kuendesha mashua za tanga. Lakini wakati mji ulipokuwa ukijenga bwawa, haukujenga mifereji ya maji machafu kwa watu waliokuwa wakikaa juu yake. Kilichofuata kilikuwa hesabu rahisi. Tope, taka na maji ya vyoo viliteremka kila mvua, bwawa likajaa, na magugu maji yakaotea juu yake hata mahali palipopita mashua pakafanana na malisho. Bwawa lililojaa tope haliwezi kupokea maji ya ghafula. Maji hukosa pa kupumzikia, yakarudi nyuma, na Silanga, kijiji kilicho karibu nalo, hupata taabu kabla ya wengine.

Tena yafaa kueleza kwa nini mafuriko yetu huja upesi kuliko mafuriko ya Tana au ya Nyando. Mto mkubwa hujaa kwa siku kadha, na watu huuona ukipanda. Lakini mahali palipofunikwa na mabati na udongo uliokanyagwa, maji hayanywewi na ardhi. Mvua ya saa moja hushuka yote pamoja kwenye korongo moja, na korongo hilo limebanwa na nyumba huku na huku, na chini ya kivuko chake mna magunia ya taka. Maji yakisimama nyuma ya taka, hupanda. Taka ikiachia, hushuka kwa kishindo. Muda kati ya kuona na kuzama waweza kuwa wa dakika chache tu.

Mvua kubwa tulizozipata

Wazee hukumbuka mvua za mwisho wa mwaka 1961, ambazo ziliitwa mafuriko ya Uhuru, kwa kuwa zilikuja wakati nchi za Afrika Mashariki zilipokuwa zikipokea au kungojea uhuru wao. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja, na maji yake yakabaki juu kwa miaka. Zikafuata mvua za mwaka 1997 na 1998, ambazo kila mtu huziita El Nino. Wataalamu wamegundua kwamba katika miaka kama 1961, 1997 na 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakapoa. Hali hiyo ikileta mawingu mengi kwetu. Masika ya mwaka 2018 nayo yalileta hasara katika sehemu nyingi za nchi.

Lakini masika ya mwaka 2024 yalizidi yote tuliyoyaona kwa muda mrefu. Yalianza mwezi wa Machi. Mwishoni mwa Aprili mitaa ya Nairobi iliyo kando ya mito ilizama, hasa Mathare na Mukuru, nasi wa Kibera na Kawangware hatukusalimika. Tarehe 29 Aprili, kabla ya alfajiri, maji yaliyozuiliwa chini ya njia ya reli karibu na Mai Mahiu yalivunja kizuizi yakashuka juu ya watu waliolala, na zaidi ya 45 walikufa. Hesabu ya serikali katikati ya mwezi wa Mei ilionyesha kwamba watu zaidi ya 280 walikufa nchini, na zaidi ya 250,000 walikuwa wamehama makwao. Shule zilizotakiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei, na baadhi yake zilikuwa makao ya waliohama.

Uamuzi wa mwaka 2024

Sasa twafikia jambo lililo gumu. Tarehe 30 Aprili 2024 Baraza la Mawaziri liliamuru wote wanaokaa kandokando ya mito na mahali pengine pa hatari wahame. Tarehe 2 Mei Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa Kithure Kindiki, aliwapa muda wa saa 24 watu waliokuwa karibu na mabwawa 178 yaliyohofiwa kupasuka, na wale wa kingo za mito nao walitakiwa kuondoka. Kisha yakaja matingatinga, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Tarehe 6 Mei Rais William Ruto alikwenda Mathare, akaahidi kwamba kila jamaa iliyobomolewa nyumba ingepewa shilingi 10,000 za kupangia nyumba nyingine.

Mtu mwenye haki hawezi kusema kwamba serikali haikuwa na sababu. Mai Mahiu ilikuwa imekwisha onyesha maji yanaweza kufanya nini. Tulikuwa pia na somo la Huruma. Huko, tarehe 29 Aprili 2016, katika usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita iliyokuwa kando ya mto ilianguka na kuua watu zaidi ya 45. Nyumba ile ilikuwa imekwisha tiwa alama ya kubomolewa. Wakubwa walijua, nao hawakubomoa; na wapangaji waliendelea kulipa kodi. Serikali inayokumbuka Huruma yaweza kusema: heri nilaumiwe kwa kubomoa kuliko kwa kuzika.

Lakini wenye nyumba zilizobomolewa nao walikuwa na neno lao. Waliuliza: twende wapi? Mvua bado yanyesha, shule zimejaa, kodi ya chumba kilicho juu ya mlima ni kubwa kuliko ya bondeni, na mwenye chumba hicho hutaka kulipwa mbele. Mama auzaye mboga hawezi kuhama mbali na wateja wake bila kupoteza chakula cha kesho. Tena vitu vya nyumbani vikiachwa huibwa. Kwa hiyo mtu aliyekataa kuondoka hakuwa mpumbavu asiyeogopa maji. Alikuwa amepima hofu mbili, akaona moja ina hakika na nyingine yaweza isije.

Sheria nayo ilikuwa pande zote mbili. Kanuni za mwaka 2006 zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ziliweka ukingo wa mto usiojengwa, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 kanuni kama hizo ziliwaangukia hata matajiri, kwani majengo makubwa ya biashara, miongoni mwao Ukay Centre huko Westlands na South End Mall katika njia ya Langata, yalibomolewa kwa kujengwa kando ya mito. Kwa upande mwingine, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya makao yanayofaa.

Hapa yatupasa kutaja kesi ambayo ilifunguliwa na chama kama chetu. Watu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa nyumba zao mwezi wa Novemba 2011. Walikuwa na chama chao cha ustawi, Mitu-Bell Welfare Society, nacho kiliishika kesi ile kwa muda wa miaka kumi, kutoka mahakama moja mpaka nyingine. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu wasio na ardhi, wakikaa katika ardhi ya umma na kujenga makao, hawapati umiliki wa ardhi ile, bali hupata haki ya makao inayostahili kulindwa. Hukumu hiyo ina faida kubwa kwa Kibera. Kwa mpangaji wa Kawangware, aliye katika ardhi ya mtu binafsi, haifiki mbali hivyo, naye lazima atazame mkataba wake na hisani ya mwenye nyumba.

Waliohamishwa mahali pengine

Jambo hili halikuanza Nairobi wala halitaishia hapa. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko makubwa yalipiga Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali ya Tanzania iliamua kuwahamisha waliokaa Jangwani na sehemu nyingine za bonde la Msimbazi, ikawapa viwanja huko Mabwepande, nje kabisa ya mji. Uamuzi ule ulikuwa na huruma ndani yake, kwani walipewa ardhi. Lakini kazi zao zilibaki mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula mshahara, na baadhi yao wakarudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 alama za kubomolewa zilitiwa tena juu ya kuta za nyumba za bonde lile lile. Ilikuwa mpaka mwaka 2022 ndipo mradi mkubwa wa kulitengeneza bonde la Msimbazi ulipokubaliwa na Benki ya Dunia.

Tunao pia mfano wetu wenyewe, nao ni mwema kuliko huo. Watu walikuwa wamejenga na kufanya biashara karibu mno na njia ya reli, katika Kibera na katika Mukuru, hata gari la moshi lilipita baina ya meza za wauzaji. Mwanzoni walipewa amri ya kuondoka. Baadaye shauri likabadilika. Watu wenyewe, wakisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji na Pamoja Trust, walihesabiwa nyumba kwa nyumba, kila mmoja akajulikana kwa jina na kazi yake, na mpango ukafanywa wa kuwajengea nyumba na vibanda vipya kando ya njia hiyo hiyo, umbali wa salama. Kazi ilichukua miaka kumi na zaidi, na ilikuwa na malalamiko yake. Hata hivyo waliohama walihamia mahali walipoweza kufika kwa miguu.

Tukilinganisha mambo haya twaona tofauti yake. Huruma ni uamuzi uliocheleweshwa. Mathare ni uamuzi uliofanywa kwa saa chache. Mabwepande ni uamuzi uliofanywa kwa wema bila kuuliza mtu anakula wapi. Njia ya reli ni uamuzi ulioanza kwa kuhesabu watu. Katika yote manne hatari ilikuwa imejulikana kabla. Kilichotofautiana ni muda uliotumiwa baina ya kujua na kutenda, na nani aliyeulizwa katika muda huo.

Kazi iliyo mkononi mwetu

Msomaji aweza kusema kwamba mambo hayo ni ya mawaziri na majaji, nasi ni chama kidogo cha kuzikana na kusaidiana. Ni kweli kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Bwawa hatuwezi kulizoa tope, wala hatuwezi kujenga nyumba za ghorofa. Lakini yako maamuzi ambayo hakuna serikali iwezayo kuyafanya kwa niaba yetu, kwa kuwa yanahusu mlango wa jirani.

La kwanza ni habari. Kati ya mwaka 2018 na 2020 mpango ulioitwa Daraja ulijaribiwa katika Nairobi na Dar es Salaam, ambao Idara ya Hali ya Hewa ilishirikiana na wakazi ili utabiri wa mvua ufike mitaani kwa lugha nyepesi. Faida yake ni kwamba mtu aliyejua mchana aweza kuamua mchana. Chama kina wanachama katika kila kijiji. Yafaa kila tawi liwe na watu wawili wa kupokea habari hizo na kuzifikisha kwa mdomo, hasa kwa wasio na simu, na kwa akina mama walio peke yao na watoto.

La pili ni orodha. Katika kila mafuriko tumeona msaada ukigawanywa kwa waliosimama mbele, huku mgonjwa na mzee wakikosa. Hata hesabu ya watu wa Kibera imekuwa na mabishano; wengine walizoea kutaja milioni, na hesabu ya serikali ya mwaka 2009 ikaonyesha watu 170,070. Watu wasiojulikana idadi yao husahauliwa kwa urahisi. Tuandike kabla ya mvua nani anakaa bondeni, nani hawezi kutembea, na nani ana chumba cha kumpokea mwenzake kwa siku tatu. Tuwaendee wasimamizi wa misikiti, makanisa na shule mapema, tukubaliane nani ana ufunguo. Ufunguo usiopatikana saa nane ya usiku haufai kitu.

La tatu ndilo chungu. Katika korongo zetu kuna nyumba chache ambazo zimesimama katikati ya njia ya maji, na kwa ajili yake nyumba nyingi za nyuma huzama. Kila mtu azijua. Zikiachwa, maji yataziondoa siku moja na watu wake ndani. Na zikiondolewa na tingatinga, zitaondoka pamoja na nyingine ambazo hazina kosa. Uamuzi wa kuzihamisha wakati wa kiangazi, kwa mapatano, na kwa kumchangia mwenyewe kodi ya miezi ya kwanza na gharama ya mabati, huo ni wetu. Shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanza kazi yake Kibera mwaka 2006, limeonyesha pamoja na vikundi vya wakazi kwamba ukingo wa mto ulioachwa wazi waweza kufanywa mahali pa watu wote, pa kufulia, pa watoto kuchezea na pa biashara ndogo. Na mahali penye kazi hapageuki jalala, wala hapavamiwi upesi. Katika Kawangware jambo hili litahitaji mapatano ya wenye viwanja, kwamba kila mmoja atoe ukanda mwembamba ili mtaro upite, naye asiyetaka aonyeshwe kwamba maji anayomzuilia jirani yatamrudia mwenyewe kwa ukuta wa nyuma.

Twajua kwamba neno hili la tatu litaleta maneno. Mwanachama atauliza kwa nini nyumba yake na si ya mwingine. Wapangaji watauliza kwa nini mwenye nyumba achangiwe, hali wao ndio waliopoteza godoro. Haya ni maswali ya haki, na halmashauri haikusudii kuyajibu kwa amri. Yaletwe mkutanoni, yazungumzwe mchana, na wapangaji wawe na sauti sawa na wenye nyumba, kwa kuwa wao ndio wanaolala mle. Na ikiwa nyumba iliyo njiani ni ya mjumbe wa halmashauri, na iwe ya kwanza kuhesabiwa.

Mwaka 1908 mtu mkubwa aliandika kwamba muda umepita. Mji haukuhama, na zaidi ya miaka mia baadaye hesabu ya mwaka 2019 ilikuta ndani yake watu 4,397,073. Hatuna uwezo wa kuurudisha muda ule. Lakini baina ya masika moja na nyingine tunayo miezi kadha ya jua, nayo ndiyo nafasi yetu. Kwa hiyo wanachama wote waombwa wahudhurie mkutano wa matawi kabla ya mvua, kila mmoja akiwa na jina la jirani yake wa bondeni, ili kazi ya orodha ianze siku hiyo hiyo.